Bunduki ya Lee-Enfield na Risasi Isiyo Yake

Kwa miaka mingi bunduki mbili zilijulikana sana katika Kenya. Ya kwanza ni Lee-Enfield, ile ya mti na chuma ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba mpaka Burma mwaka 1944, na ambayo baadaye watu wa kaskazini waliizoea mikononi mwa polisi wa akiba kwa jina la "mark four". Ya pili ni G3 ya polisi. Mtu akiyaweka mezani maganda ya risasi za bunduki hizo mbili atayaona yanafanana kama ndugu: yote ni ya shaba nyeupe-njano, yote yamebanwa shingoni, na unene wa risasi zenyewe karibu ni mmoja. Lakini ndugu hawa hawalali kitanda kimoja. Risasi ya G3 ikitiwa katika Lee-Enfield kama ilivyotoka kiwandani, haikai vema, na atakayejaribu kuilazimisha huhatarisha macho na vidole vyake.

Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, walenga shabaha wengi wa Uingereza waliibadili bunduki hiyo ya zamani ili ipige risasi hiyo mpya, wakaenda nayo mashindanoni, na wakashinda. Mazungumzo haya yaeleza kwa nini walifanya hivyo, jinsi kazi ilivyofanywa, na jambo la ajabu lililoonekana katika umbali wa yadi 1000.

Kwanza, asili ya bunduki yenyewe. Mtambo wake ulibuniwa na Bwana James Paris Lee, aliyezaliwa Hawick katika Scotland mwaka 1831, akalelewa Kanada, kisha akafanya kazi Marekani. Mtambo huo una komeo la chuma ambalo askari huliita bolti. Mpigaji huliinua kwa mkono, hulivuta nyuma ili ganda tupu litoke, kisha hulisukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Katika bunduki za namna ya Mauser, meno yanayolifunga komeo wakati wa kupiga yako mbele kabisa, karibu na risasi. Bwana Lee aliyaweka nyuma. Kwa sababu hiyo mwendo wa komeo ni mfupi na mwepesi, na askari aliyefundishwa vema aliweza kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja. Mwaka 1895 mtambo huo uliunganishwa na mtutu uliochongwa mifereji kwa namna ya kiwanda cha Enfield, kaskazini ya London, na ndipo lilipotoka jina la Lee-Enfield. Risasi yake iliitwa .303, maana upana wa tundu la mtutu ni sehemu 303 za elfu moja za inchi.

Lakini meno yaliyo nyuma yana kasoro yake. Baruti inapowaka, nguvu yote hulisukuma komeo kinyumenyume, na kwa kuwa kizuizi kiko mbali, komeo lote hubanwa kidogo na mwili wa bunduki hunyooka kidogo, kama ufito unaoegemewa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Wataalamu waliitaja kasoro hii kwa miaka mingi, na wengi wao walisema kwamba bunduki ya namna hiyo haifai kwa kazi ya shabaha kamili. Msomaji na aiweke akilini hukumu hiyo, maana itarudi.

Sasa, kwa nini risasi ibadilishwe? Mwaka 1954 mataifa ya NATO yalikubaliana kutumia risasi moja ya bunduki, yenye upana wa milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 51, na jeshi la Uingereza likaanza kuiacha .303. Jeshi likiacha risasi, viwanda vya serikali navyo huacha kuitengeneza, na mashindano makubwa ya Uingereza yalitegemea risasi za viwanda hivyo. Mlenga shabaha aliyekuwa na Lee-Enfield nzuri, aliyeijua kila tabia yake kwa miaka 20, alijikuta kama mtu mwenye taa nzuri katika mji ambao mafuta ya taa yamekoma kuuzwa.

Wenye fedha waliweza kununua bunduki mpya. Wengine hawakuweza. Na Lee-Enfield Namba 4 zilikuwa zimetengenezwa kwa mamilioni wakati wa vita, katika Uingereza, Kanada na Marekani, hata baada ya vita zikauzwa kwa bei nafuu. Swali likawa moja: je, mwili wa Namba 4 waweza kuvumilia risasi ya 7.62, ambayo nguvu yake ndani ya mtutu ni kubwa kuliko ya .303? Kama jibu ni ndiyo, mtu wa kipato cha kawaida angeendelea kusimama mstari mmoja na tajiri. Kama ni hapana, mchezo ungekuwa wa wachache.

Uzito wa swali hilo hauwezi kufahamika bila kujua mashindano yenyewe. Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859. Mwaka uliofuata kilifanya mkutano wake wa kwanza huko Wimbledon, na Malkia Victoria mwenyewe alipiga risasi ya kwanza, bunduki ikiwa imefungwa juu ya kitegemeo na kuelekezwa kwenye shabaha ya yadi 400; kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya hariri tu. Tangu mwaka 1890 mashindano hufanywa Bisley, katika jimbo la Surrey. Tuzo kubwa kupita zote huitwa Zawadi ya Malkia, au Zawadi ya Mfalme ikiwa mfalme ndiye anayetawala. Katika duru za kwanza watu hupiga yadi 300, 500 na 600, kisha mia moja walio bora huingia fainali, nayo hupigwa yadi 900 na yadi 1000. Mshindi huketishwa kwenye kiti na kubebwa juu mabegani. Mwaka 1930 aliyebebwa alikuwa Bibi Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kuishinda zawadi hiyo, na wanaume waliokuwa wamemzoea kama mgeni katika mchezo wao walilazimika kumshangilia.

Yadi 1000 si umbali mdogo. Ni zaidi ya nusu maili. Duara la katikati lenye pointi nyingi lina upana wa inchi 24, na kwa macho matupu halionekani kuwa kubwa kuliko punje. Darubini ya kulengea hairuhusiwi juu ya bunduki katika mashindano hayo. Mpigaji hulala kifudifudi, ukanda umeubana mkono wake wa kushoto, na huchungulia kwa kitundu kidogo kilicho nyuma ya bunduki. Upepo wa kukata wa maili 10 kwa saa huisukuma risasi ya 7.62 zaidi ya futi 8 kando kabla haijafika. Kwa hiyo bendera hupandishwa uwanjani, na mlenga shabaha hodari huzitazama bendera kuliko anavyoitazama shabaha.

Katika kazi ya kuibadili bunduki, jambo la kwanza lilikuwa kuutoa mtutu wa .303 na kuskurubu mwingine wa 7.62 mahali pake, mara nyingi mnene na mzito kuliko wa jeshi, usioguswa na mti kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ili joto na unyevu wa mti usiupinde. Mti wa mbele ulikatwa mfupi. Kazi hii haikuwa ngumu kwa fundi mwenye mashine nzuri.

Ugumu ulikuwa katika kitako cha ganda. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza nje kama ukingo wa sahani, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame mno ndani ya chumba cha risasi. Ganda la 7.62 halina ukingo wa kutokeza. Lina mfereji tu, na kinacholizuia ni bega lake. Hivyo kucha inayolivuta ganda tupu ilibidi ibadilishwe, maana ile ya .303 ilizoea kushika ukingo mpana. Hapa Bwana Lee, ambaye alikuwa amekufa tangu mwaka 1904, aliwasaidia mafundi bila kujua. Kichwa cha komeo lake si kipande kimoja na komeo lenyewe. Huskurubiwa na kutolewa. Kwa Namba 4 vichwa hivyo vilitengenezwa kwa vipimo vilivyoandikwa 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili fundi wa jeshi aweze kurekebisha nafasi iliyo kati ya komeo na ganda pasipo kuiharibu bunduki nzima. Fundi wa 7.62 alifuata njia iyo hiyo: alitia kichwa kipya kilichofanywa kwa risasi mpya, akapima, na kama nafasi haikuwa sawa akatia kingine. Bunduki nyingi za wakati ule haziwezi kutendewa hivyo.

Magazini nayo haikuwa na shida kubwa, kwa sababu katika mashindano haya risasi hutiwa moja moja kwa mkono. Wengi waliiacha magazini ya zamani mahali pake kama meza ya kuwekea risasi.

Serikali pia ilifanya mabadiliko hayo katika kiwanda cha Enfield. Bunduki moja, iliyoitwa L39A1, ilikuwa ya askari kushindana. Nyingine, L42A1, ilitiwa darubini kwa ajili ya walenga shabaha wa vitani, na ilitumika hata katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982. Kwa raia kulikuwa na Enfield Envoy. Nchini India kiwanda cha Ishapore kilichukua njia nyingine: hakikubadili bunduki kuukuu, bali kilitengeneza upya bunduki fupi ya Lee-Enfield kwa risasi ya 7.62, yenye magazini ya risasi 12. Hiyo ilikuwa kazi ya jeshi wala si ya mashindano, lakini yaonyesha kwamba swali la walenga shabaha wa Bisley halikuwa la kipuuzi.

Bunduki iliyobadilishwa haikuweza kuuzwa kwa neno la fundi peke yake. Uingereza ina nyumba mbili za kupimia silaha, moja London na moja Birmingham, na sheria yataka bunduki iliyobadilishwa ipelekwe huko kwanza. Hutiwa risasi yenye nguvu kupita ile ya kawaida, hupigwa mtu akiwa mbali nayo, kisha hukaguliwa. Ikisalimika hupigwa mhuri juu ya chuma. Ikipasuka au ikifunguka, hasara ni ya mwenyewe. Kuna watu walioona desturi hiyo kuwa usumbufu na gharama ya bure. Walikosea kabisa, maana ufa mwembamba ndani ya chuma haujionyeshi kwa jicho la mnunuzi, na uso wa mpigaji huwa inchi chache tu kutoka kwenye komeo.

Basi bunduki zikafika uwanjani. Katika yadi 300 matokeo yalikuwa kama wataalamu walivyotabiri. Bunduki za namna ya Mauser, zenye meno ya mbele, zilikusanya matundu karibu karibu kuliko Namba 4. Lakini zilipofika yadi 900 na 1000, mara nyingi Namba 4 ndiyo iliyokuwa na matundu yaliyokusanyika, na zile nyingine zikatawanya risasi juu na chini. Tena haikuwa bahati ya siku moja, kwa kuwa baadhi ya walenga shabaha wakawa na bunduki mbili: ya Mauser kwa umbali mfupi, na Namba 4 kwa umbali mrefu. Inawezekanaje bunduki ipige vibaya karibu na kupiga vema mbali?

Jibu limo katika ile kasoro. Risasi zote zilizotolewa na kiwanda hazina mwendo mmoja. Katika Bisley kila mshindani hupewa risasi zilezile, naye hana ruhusa ya kujichagulia. Zile za 7.62 zilitoka kiwanda cha Radway Green, na zilikuwa risasi za jeshi zenye uzito wa greni 144. Moja huenda haraka, nyingine pole kidogo. Ikiwa tofauti ni futi 40 kwa sekunde, katika yadi 300 ile ya pole huanguka chini ya nyingine kwa sehemu ya inchi tu. Katika yadi 1000 huanguka chini yake karibu futi nzima, na futi nzima ni nusu ya upana wa lile duara.

Sasa afikiriwe mtutu wenyewe. Risasi inapopita ndani yake mtutu hautulii. Hutikisika kama ufito wa mvuvi wakati samaki anapovuta. Jambo hili si geni, maana tangu mwaka 1901 Bwana A. Mallock alilieleza mbele ya Royal Society ya London. Katika Lee-Enfield, kwa sababu ya ule mwili wake unaonyooka na komeo linalobanwa, mdomo wa mtutu huwa unapanda juu wakati ule ule risasi inapotoka. Risasi ya haraka hutoka mapema, mdomo ukiwa bado chini. Risasi ya pole hutoka ikiwa imechelewa kidogo mno, lakini katika kuchelewa huko mdomo umekwisha kupanda, na kwa hiyo hurushwa juu zaidi kuliko mwenzake. Katika safari ya nusu maili ile ya pole huanguka zaidi, lakini ilianza juu zaidi. Mwisho wa safari hukutana.

Waingereza huliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya fidia, na kweli ni fidia: bunduki huilipa risasi iliyopunjwa baruti. Lakini malipo hayo ni sahihi kwa umbali mmoja tu na jirani zake. Katika yadi 300 risasi ya pole haijapata nafasi ya kuanguka, kwa hiyo bado iko juu ya mwenzake, na matundu hutawanyika. Ndiyo sababu wataalamu waliopima kwa umbali mfupi hawakusema uongo, ila walihukumu kesi kabla ya kuwasikiliza mashahidi wote.

Wala isidhaniwe kwamba kila Namba 4 iliyobadilishwa ilikuwa na tabia hiyo kwa kiasi sawa. Mtutu mnene mno haukutikisika vya kutosha. Mti uliokazwa vibaya uliharibu mpango wote. Wako waliotumia fedha nyingi kwa bunduki ambayo haikufidia karibu wala mbali, na mwisho wakaiuza.

Ufalme wa Namba 4 haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bwana George Swenson alibuni bunduki iliyoitwa Swing, yenye meno manne ya mbele na mtutu mzuri sana, iliyotengenezwa kwa mashindano tangu mwanzo wala si kwa vita. Risasi nazo zikaendelea kutengenezwa kwa uangalifu zaidi, na kadiri tofauti za mwendo zilivyopungua, fidia ilipungua thamani. Mchezo nao uliirudishia vita deni lake: bunduki ya walenga shabaha wa jeshi iliyoirithi L42A1 katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa na kampuni ya Bwana Malcolm Cooper, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1984 na tena mwaka 1988.

Lililobaki ni habari ya hatari, nayo lazima isemwe waziwazi kwa kuwa bunduki hizo zingaliko na zingali zikipigwa. Namba 4 ilibuniwa kwa ajili ya .303. Kuivumilia 7.62 ya jeshi ni karibu na mwisho wa uwezo wake, si katikati. Baadaye zilipokuja risasi za mashindano zenye uzito wa greni 155 na nguvu zaidi, Chama cha Taifa cha Bunduki kilitoa onyo kwa wenye bunduki hizi wasitumie kila risasi inayoingia. Aidha kiliwaonya juu ya maji na mafuta. Yafaa sababu yake ielezwe, maana watu wengi hudhani kuwa mafuta hayawezi kuidhuru bunduki. Baruti inapowaka, ganda la shaba hutanuka na kung'ang'ania kuta za chumba chake, na kwa kung'ang'ania huko hupokea sehemu ya nguvu. Ganda likiwa limelowa huteleza. Hapo nguvu yote huja juu ya komeo, na juu ya yale meno mawili aliyoyaweka Bwana Lee nyuma, karibu na shavu la mpigaji.

Kwa hiyo mvua inaponyesha Bisley, na katika Uingereza hunyesha mara nyingi wakati wa mashindano ya Julai, mwenye Namba 4 ya 7.62 hutambulikana kwa mbali. Hufunika komeo lake kwa kitambaa kati ya risasi na risasi, huweka risasi zake ndani ya kisanduku chenye kifuniko, hupangusa kila moja kwa kitambaa kikavu kabla ya kuitia, na ikiwa chumba cha risasi kimelowa, huinua mkono na kuacha zamu yake ipite.